Kutembeza wageni kwa miguu Pemba: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu vijana wanauliza maswali yale yale. Nianzie wapi? Kiingereza changu kinatosha? Nitoze shilingi ngapi? Bila gari nitapata nini? Majibu yamo humu, ila si kwa mpangilio huo, maana wengi wanaanzia mwisho: wanachapisha kadi, wanafungua ukurasa wa mtandaoni, halafu mgeni wa kwanza akifika hawajui njia itapita shamba la nani.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Pemba anayetaka kuongoza matembezi ya saa mbili hadi tatu ndani ya shehia yake, yaani eneo linaloongozwa na sheha: mikarafuu, popo, ndege, mikoko na ufuo. Ukiwa Unguja, Mafia au Lamu, mengi yatakufaa pia. Wewe badilisha majina ya mahali tu.

Ngezi na Kidike sizigusi sana. Msitu wa Ngezi una geti lake, ada yake na waongozaji wake, na Kidike ina wenyewe wanaowatunza popo. Mgeni akitaka kwenda huko, mpeleke, mlipe ada, na mwongozaji wa pale afanye kazi yake. Wewe jenga njia yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kibali kwanza. Anayeongoza watalii Zanzibar anatakiwa asajiliwe na Kamisheni ya Utalii na awe na kitambulisho. Nenda ofisi yao ya Pemba uulize masharti ya mwaka huu na ada yake, usitegemee alichokuambia rafiki aliyejisajili zamani. Bila kibali wewe ni papasi, mwongozaji wa mitaani asiyesajiliwa, hata kama unamjua kila ndege kwa sauti yake, na siku ikitokea ajali hutakuwa na pa kusimama.

Vingine:

- Viatu vya kufunga. Ndara zinakwama kwenye tope la mikoko na zinateleza kwenye majani ya mkarafuu yaliyolowa. Vaa vya kufunga wewe mwenyewe kwanza, ndipo utamwambia mgeni avae.
- Simu yenye chaji, salio na pawabenki. Ndani yake zimo namba za hospitali iliyo karibu, sheha, dereva mmoja wa kuaminika na mwenye boda mmoja. Namba ya dharura 112 ijue, lakini namba ya dereva ndiyo itakayokusaidia shambani.
- Mkoba wa huduma ya kwanza: bendeji pana mbili, plasta, dawa ya kuoshea jeraha, kibano cha kutolea miiba, glavu, na pakiti za maji ya chumvi na sukari.
- Maji ya kunywa, lita moja kwa kila mgeni, na chupa moja ya akiba.
- Darubini moja inayokuza mara nane. Usidanganywe na zenye kukuza mara ishirini, zinatetemeka mkononi na mgeni haoni kitu. Ya mitumba inatosha.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la mwezi huo.
- Kanga mbili safi. Kuna mgeni atakuja na mabega wazi na kaptura ya kuogelea, na njia yako inapita mbele ya msikiti. Mpe kanga kwa upole, mfunge vizuri, atafurahi na ataomba apigwe picha.
- Daftari dogo na kalamu.

Panga huhitaji. Njia inayohitaji kufyekwa kila siku haijawa njia bado.

Hatua kwa hatua

1. Anza kwa sheha, kisha kwa wenye mashamba

Nenda kwa sheha ukiwa na maelezo kamili: utapita wapi, na wageni wangapi, siku gani, wanakijiji watapata nini. Mwombe akutajie nani ni mwenye shamba gani. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu shamba la Pemba mara nyingi lina mwenye ardhi, mwenye mikarafuu, na ndugu walioko Unguja au Maskati ambao nao wana sauti. Ukikubaliana na aliyepo leo, mwulize: “Babu, kuna mwengine wa kuambiwa?” Swali hilo moja litakuepusha na ugomvi wa baadaye.

Elewaneni juu ya malipo mapema, na uandike kwenye daftari mbele yake. Wengine watasema hawataki kitu, pita tu mwanangu. Walipe hata hivyo, kidogo kidogo, kila unapopita. Ukarimu wa bure huchoka wageni wakizidi.

Uliza pia mahali pasipopitwa. Karibu kila kijiji kina mzimu (mahali pa matambiko), makaburi ya zamani au mti ambao watu hawausogelei ovyo. Usimpeleke mgeni mzimuni kwa sababu anapenda “mambo ya uganga”. Pemba imeshasimuliwa vya kutosha kuhusu uchawi, huna haja ya kuongeza.

2. Chagua njia moja, kisha itembee peke yako

Njia moja tu. Anayeanza na njia tano hana hata moja. Urefu wa kilomita tatu hadi nne unatosha kwa saa tatu, kwa kuwa mtatembea taratibu na kusimama sana. Bora iwe ya mzunguko, mrudi kwa njia tofauti na mliyoendea, na sehemu ngumu zaidi iwe mwanzoni watu wakiwa na nguvu.

Itembee alfajiri, itembee saa nane mchana, itembee baada ya mvua kubwa, itembee karibu na magharibi. Kila safari andika: kivuli kiko wapi, mahali gani panateleza, simu inakosa mtandao wapi, mgeni atajisaidia wapi, mtazungukia wapi sehemu ikifungwa, gari au boda inaweza kufika sehemu zipi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Mgeni akiteguka kifundo, unatakiwa ujue papo hapo kama ni karibu zaidi kurudi nyuma au kwenda mbele.

Angalia mimea yenye kuudhi. Upupu ukikauka ni balaa, na mgeni hushika kila kitu. Wadudu nao: majimoto, wale chungu wekundu, hujenga viota vya majani kwenye mikarafuu na miembe, na hushuka kwa hasira ukigusa tawi. Andika penye viota, ukipita na wageni uwaonye kabla hawajaegemea.

Msimu nao uandike. Masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za mabondeni hazipitiki na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Vuli huja kwa vipindi, unaweza kufanya kazi asubuhi na kupumzika jua likizidi au wingu likishuka.

3. Jua maji kabla ya kumpeleka mtu pwani

Kama njia yako inagusa mikoko au ufuo, hatua hii ndiyo ya kuikazania. Ndani ya kijiji ukikosea, mgeni anachoka. Pwani ukikosea, anazama.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya maji makuu na makavu hukaribia mita 4. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu inakutosha kukisia: angalia tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za katikati. Siku hizo, huku kwetu, maji hukauka asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na huo ndio wakati mzuri wa kuwapeleka wageni mwambani. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo maji yamejaa, ingawa si ya kutisha.

Kanuni yangu: ingia pwani maji yakiwa bado yanatoka, geuka yakiwa yamesimama. Usiingie mikokoni maji yakianza kupanda, hata kama mbele ni pakavu. Mkondo wa mikokoni hujaa kwa nyuma yako kwanza, na ukigeuka unakuta ulipopita kwa kuruka sasa panafika kiunoni.

Kisia kwa kalenda, lakini hakikisha kwa jedwali, na jedwali lihakikishe kwa mvuvi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mvuvi atakuambia jambo ambalo karatasi haina.

4. Chagua vituo sita, na kila kimoja uwe na la kuonyesha

Wanaoanza huongea sana. Mgeni hakuja kusikia hotuba, na akisimama juani dakika kumi anaacha kusikiliza. Kila kituo kiwe na kitu cha kushika, kunusa, kuonja au kutazama, halafu maneno ya dakika mbili au tatu. Hivi ndivyo ningevipanga katika shehia ya kawaida ya Pemba.

*Mkarafuu.* Mpe jani alipasue na kunusa. Mwonyeshe kishada, umwambie karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, likifunguka thamani imepungua. Kama ni msimu wa vuno, majamvi yameanikwa kila uwanja, na kazi ya kubagua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, inaendelea ukumbini. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi. Hapa pana hadithi nzuri ya kweli: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, ndipo kisiwa hiki kikawa ndicho chenye karafuu. Inatosha. Usimpe mgeni konzi ya karafuu kutoka kwenye jamvi la mtu, zina mwenyewe na biashara yake ina sheria. Na wachumaji wakiwa juu, kundi lisisimame chini ya mti, kwa sababu tawi la mkarafuu huvunjika bila kutoa taarifa.

*Popo.* Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani. Akikunjua mabawa anakaribia mita moja na nusu, uso wake ni wa rangi ya kahawia iliyoiva na umechongoka kama wa mbweha. Mchana analala akining'inia kwenye miti mikubwa, mara nyingi penye makaburi au msitu mdogo uliohifadhiwa na kijiji. Magharibi huondoka kwenda kutafuta maembe, mashelisheli, kuyu na maua ya msufi. Wakati huo huo hupanda mbegu na kuchavusha maua, kwa hiyo shamba lina faida naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache kiasi cha kuhofiwa kutoweka, kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaunda klabu za kuwalinda, uwindaji ukapungua, na wakarudi kwa maelfu. Msimulie mgeni hivyo: hii ni kazi ya watu wa hapa.

*Ndege.* Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine: ninga wa Pemba (aina ya njiwa), chozi wa Pemba (ndege mdogo anayefyonza maua), kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Habari njema ni kwamba huhitaji msitu kwa wote. Chozi na kinengenenge wapo mashambani na hata uani, kwenye maua ya mdimu na mpapai. Kinengenenge ni yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kulizunguka jicho. Ninga mtafute penye mti wenye matunda, naye huonekana kwa shida kwa kuwa rangi yake ni ya majani. Jifunze sauti kabla ya sura. Kuna wageni huvuka bahari kwa ajili ya ndege hawa wanne tu, na mgeni wa aina hiyo atakujua ndani ya dakika tano kama unajua au unabahatisha.

*Mikoko.* Mwambie mgeni alambe jani la mchu, aonje chumvi ambayo mti umeitoa. Mwonyeshe mche wa mkoko ulioota ukiwa bado unaning'inia kwa mama yake, na mizizi ya mlilana inayochomoza kwenye tope. Mkandaa utambulishe kwa gome lake, lililotumika tangu zamani kulainishia ngozi na kutia rangi. Usikate fimbo ya mkoko kwa ajili ya mgeni kushikilia. Njoo na bakora yako.

*Mwani na ufuo.* Vigingi na kamba unazoziona maji yakitoka ni shamba la mtu, mara nyingi la kina mama. Pitia pembeni. Kama mwenye shamba yupo na anataka kueleza, mwache aeleze mwenyewe, wewe tafsiri, na malipo ya kituo hicho ni yake.

*Mwisho, kivuli na kitu cha kula.* Madafu, muhogo wa kuchemsha, shokishoki wakati wake. Nyumba ya kijijini ikikubali kupika, ipewe pesa ya kununulia mapema. Wageni wengi huuliza maswali yao yote hapa, wakiwa wamekaa, kwa hiyo usipange kituo hiki kiwe cha haraka.

5. Weka kanuni za wanyama, uzitangaze kabla ya kuondoka

Kosa kubwa kuliko yote, na ambalo linafanywa kila mahali: mwongozaji anapiga makofi chini ya mti ili popo waruke, mgeni apate picha. Usifanye. Popo akirushwa mchana anapoteza nguvu, mama anaweza kuangusha mtoto, na wakirushwa mara kwa mara wanahama. Ukiwafukuza popo umefukuza kituo chako. Simameni mbali, mseme kwa sauti ya chini, darubini izunguke. Msisimame chini yao hasa, na mtu asitazame juu akiwa ameachama. Popo mzima au aliyekufa haguswi kwa mkono, kwa sababu ya maradhi.

Bundi naye usimwite kwa sauti ya simu mfululizo. Mara moja, ukimya, basi. Na tochi isimulikwe machoni mwake. Kama unafanya matembezi ya usiku, waambie watu wa nyumba za jirani mchana ule ule. Bundi kwetu ni ndege wa uchuro, na kundi la watu gizani linalomwita bundi karibu na chumba cha mgonjwa litaeleweka vibaya.

Kuwalisha tumbili ni marufuku, hata ndizi moja. Komba vile vile. Makombe na kaa waliohai wabaki walipo. Nyoka, wa aina yoyote, simameni, rudini nyuma taratibu, mpisheni.

6. Weka kikomo cha watu

Wageni sita kwa mwongozaji mmoja. Wakizidi wanne, chukua msaidizi wa kukaa nyuma. Kundi la kumi kwenye njia ya shamba ni msafara, wa mbele wanamwona ndege na wa nyuma wanaona migongo. Ukiletewa kumi na hoteli, wagawe asubuhi na jioni, au mpe mwenzako nusu. Utapata presha ya kukubali wote, hasa mwezi wa Agosti. Kataa.

7. Piga hesabu ya bei kwa kundi

Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme wageni wanne: wenye mashamba 10,000, madafu 8,000, msaidizi 20,000 (tuseme unaye hata kundi likiwa dogo), maji 4,000, simu 2,000, akiba ya kununulia vifaa 6,000. Jumla 50,000 kabla hujajilipa wewe. Ukitaka siku yako iwe na thamani ya 50,000, matembezi ni 100,000, yaani 25,000 kila mtu.

Sasa wakija wawili? Gharama karibu ni zile zile, imepungua madafu mawili na maji. Ukitoza 25,000 kwa kichwa, umefanya kazi kwa shilingi elfu sita. Kwa hiyo weka bei ya kundi hadi watu wanne, kisha nyongeza kwa wa tano na wa sita. Itaje kabla ya kuondoka, kwa shilingi, na useme kilichomo. Bakshishi usiiombe, usiikatae.

Ukikubaliana na hoteli, kamisheni yao iongezwe juu ya bei yako, isikatwe kwenye pesa ya mwenye shamba.

8. Fanya jaribio na watu wa nyumbani

Wachukue dada yako, mwalimu wa skuli, na mzee mmoja anayependa kusahihisha watu. Waongoze kana kwamba ni wageni, kwa Kiingereza kama utatumia Kiingereza. Mzee atakuambia mti ule si unaouita hivyo. Mwalimu atakuambia unasema haraka. Dada atakuambia umewaacha nyuma. Rudia mpaka waache kulalamika.

Kuhusu Kiingereza: maneno mia mbili uliyoyazoea, ya njia yako, yanakutosha kuanza. Majina ya miti yaseme kwa Kiswahili, mgeni ayarudie, ndiyo raha yake. Sentensi za usalama ndizo uzijue bila kusita: simama, usiguse, rudi nyuma, nifuate, unaumwa wapi. Wataliano na Wafaransa wengi nao Kiingereza chao ni cha kuokoteza, kwa hiyo usione haya.

9. Siku yenyewe

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya ndege, au saa tisa na nusu alasiri mkimalizia kwa popo wakiruka. Ijumaa maliza kabla ya saa tano, ili wewe na wenyeji muwahi msikitini. Mwezi wa Ramadhani waombe wageni wasile wala kunywa mbele za watu. Tafuta mahali pa faragha pa kunywea maji, maana juani lazima wanywe.

Kabla ya hatua ya kwanza uliza: nani ana pumu, shinikizo la damu, mzio wa nyuki au anatumia dawa? Dawa anayo mkononi au ameiacha hotelini? Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Mwambie awe na cheti chake kwenye simu. Bima hiyo ni yake, haikukingi wewe.

Kisha kanuni tatu za watu: picha ya mtu huombwa kwanza, watoto hawapewi pipi wala pesa, na nyumba haiingiwi bila hodi. Anayetaka kuwasaidia watoto mpeleke skuli akaonane na mwalimu mkuu.

Tembea kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Hesabu watu kila mnapoondoka kituoni.

10. Malipo siku hiyo hiyo

Kabla ya kulala, kila aliyeguswa na njia awe amelipwa na daftari limeandikwa. Wenye mashamba wakijua pesa yao haingoji, wao wenyewe watakupigia simu kukuambia ninga wapo kwenye mkuyu.

Mambo yakienda kombo

*Popo hawapo mtini.* Wanahama kufuata matunda au kwa kusumbuliwa. Uliza kijijini kabla ya kuwaahidi wageni, na siku zote sema “huenda tukawaona”. Pita mtini siku moja kabla.

*Mvua imewakuta njiani.* Kama ni rasharasha endeleeni. Radi ikipiga, tokeni chini ya minazi na mti wa peke yake, ingieni nyumba ya karibu uliyokwisha kuelewana nayo. Mkondo wa bondeni ukishakuwa wa kahawia na wa kasi, hauvukwi, mtazunguka hata kama ni mbali.

*Mgeni ameumwa na nyoka.* Mkalishe, mtulize, kiungo kisitikiswe, mvue pete na saa kabla hakijavimba. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, usitie jiwe la nyoka wala mafuta. Gari moja kwa moja hospitali, Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani, iliyo karibu kwako. Kumsaka nyoka mpate kumwonyesha daktari ni kutafuta wa pili wa kuumwa.

*Amekanyaga miiba ya baharini.* Toa inayotoka kwa kibano bila kuchimba, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, safisha. Ikiingia kwenye kiungo au ikivimba, hospitali.

*Mgeni amechoka na jua.* Kivuli, maji ya chumvi na sukari kwa fundo ndogo, kitambaa cha maji shingoni. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au ngozi ikawa moto kupita kiasi, endelea kumpoza kwa maji huku gari linakuja.

*Watoto wanafuata wakidai pesa.* Ujue kuna mtu alizitoa. Zungumza na wazazi na mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu ukifukuza watoto mbele ya wageni umeharibu matembezi yote. Ikibidi badilisha saa ya kupita.

*Mwenye shamba amefunga njia.* Usibishane mbele ya wageni. Omba radhi, geuka, tumia njia ya kuzunguka uliyoiandika katika hatua ya pili. Rudi kwake jioni peke yako, au na sheha. Mara nyingi utakuta ni ndugu mmoja ambaye hakuambiwa.

*Mgeni anataka kurusha droni.* Mwambie hapana mpaka aonyeshe kibali cha serikali kwa maandishi. Juu ya popo hapana hata akiwa nacho.

*Mtu mwengine ameiga njia yako.* Itatokea. Kaeni naye mgawane siku, mkubaliane bei moja ya chini na kikomo kimoja cha watu, na makubaliano yaandikwe kwa sheha. Mkishindana kwa kushusha bei, atakayekatwa malipo wa kwanza ni mwenye shamba, naye ana ufunguo wa njia zenu zote mbili.

*Wageni hawaji.* Usikimbilie kujitangaza kila mahali. Nenda nyumba za wageni za Chake Chake, Wete na Konde, wachukue wahudumu wa mapokezi matembezini bure siku yao ya mapumziko. Mgeni akiuliza “kuna nini cha kufanya hapa?”, wao ndio wanaoulizwa. Na msimu wa masika usio na wageni utumie kusafisha njia, kurekebisha daftari na kujifunza sauti ya ninga.